Chuma, maji na kichupa cha dawa

Kichupa cha dawa kiko sakafuni, mbele kidogo ya vidole vyake, wala hakifikii. Mgongoni amelaliwa na mtambo wa chuma. Yumo katika maficho yaliyo chini ya maji, na dari limeanza kuvuja. Toleo la 32 la The Amazing Spider-Man, la Januari 1966, lilikatikia hapo, msomaji akaachwa asubiri mwezi mzima.

Nimesoma visa vya mashujaa wanaookoa sayari, na vingi nimevisahau. Hiki cha matoleo matatu, 31 hadi 33, nakirudia. Steve Ditko ndiye aliyekipanga na kukichora. Maneno ni ya Stan Lee.

Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, aliwahi kumtolea damu May, mwanamke aliyemlea. Damu hiyo ina mionzi, na sasa inamuua taratibu. Dawa iliyotarajiwa kumponya imeporwa na watu wa adui yake, Doctor Octopus. Wafasiri humwita May shangazi, lakini kwa hesabu ya kwetu mke wa kaka mkubwa wa baba ni mama mkubwa. Kijana yule aliyebanwa na chuma anampigania mama yake.

Sasa utazame mkono wa fundi. Mchoraji mwenye haraka angeuinua mtambo ule kwa picha moja. Ditko anatumia kurasa. Mwanzoni visanduku ni vidogo, vimembana Peter kama chuma kilivyombana. Anasukuma, anashindwa. Anawakumbuka May na marehemu mumewe Ben, anasukuma tena, goti linajikunja, mgongo unapanda kwa kiasi cha kiganja. Kadiri anavyoinuka, visanduku navyo vinatanuka, mpaka unafunua na kukuta ukurasa mzima wa picha moja: chuma kimetupwa juu, maji yanamwagika, naye amesimama. Misuli peke yake isingetosha. Uzito tumeupima kwa muda tuliokaa naye chini.

Kisa hiki kinasomeka vizuri sana Ifakara. Kabla ya daraja la mita 384 kufunguliwa mwaka 2018, mgonjwa wa kutoka Ulanga aliyepelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini hapo alivushwa Mto Kilombero kwa pantoni. Masika mto unapojaa, bonde lote hugeuka ziwa. Aliyewahi kukaa ukingoni na mgonjwa wake, mji ukiwa karibu na maji yakiwa katikati, anakijua kichupa kile na umbali wake.

Na Ditko hakimbilii shangwe. Baada ya chuma kuna walinzi wa kupigana nao, kuna dawa ya kupimwa kwanza, na Peter anapigana huku akiyumba kwa uchovu. May anapona. Peter anamchungulia akiwa usingizini, kisha anaondoka hospitalini kwa miguu, mwembamba, amechakaa, na daktari anamtazama akienda zake bila kujua kwamba ndiye aliyeileta ile dawa.