"Wakati Huo Huo" na Nusu ya Maana Inayopotea

Neno la Kiingereza "meanwhile" halijapata makazi ya kudumu katika Kiswahili. Watafsiri wa habari na matangazo wamelipatia kirai "wakati huo huo", nacho kimezoeleka kiasi kwamba msikilizaji wa redio katika mtaa wa Nyamianda, mjini Uvira, hukitarajia kabla mtangazaji hajakitamka. Mazoea hayo yanastahili kuhakikiwa, kwani kirai hicho hubeba nusu tu ya maana ya neno, na aghalabu nusu inayoachwa ndiyo iliyokusudiwa.

Sehemu "mean" asili yake ni "medianus" ya Kilatini, yaani "-a katikati", iliyopitia Kifaransa cha kale. "While" ni kipande cha muda. Neno zima, basi, hutaja muda ulio kati ya mipaka miwili: jambo lililokwisha kutukia na jambo linalongojewa. Kifaransa, ambacho wanafunzi wa Uvira hukisoma darasani, kina "entre-temps" na pia "en attendant", na hili la pili hutaja kungoja waziwazi. "Wakati huo huo" hakitaji mpaka wala kungoja. Urudufu wa "huo" hukazia jambo moja tu, kwamba wakati ni ule ule uliokwisha kutajwa.

Pale mambo mawili yanapokwenda sambamba, hapana kosa lolote. Mnamo Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi za Uvira. Wakati huo huo Kongo ilikuwa katika hali ya dharura kwa sababu ya korona. Sentensi hiyo ni Kiswahili safi.

Mambo hubadilika pale jambo moja linapolisubiri jingine. Lichukuliwe tangazo hili la kubuni, katika mji ambao kipindupindu kimekuwa kikirejea kwa miaka mingi: "Maji ya bomba yatarudi Jumamosi. Wakati huo huo, wakazi wachemshe maji ya ziwa kabla ya kuyanywa." Kisarufi, "huo" hurejelea wakati uliotajwa karibu, nao ni Jumamosi. Msikilizaji mtiifu ana haki ya kuelewa kwamba kuchemsha kunaanza siku ile bomba litakapotoa maji, yaani siku ambayo haja ya kuteka ziwani imekwisha. Kama ataokoka, ataokolewa na busara yake, si na lugha ya tangazo.

Yumkini atatokea wa kusema kwamba Kiswahili kina upungufu wa msamiati. La hasha. Kiswahili kina maana hiyo, ila hakikuiweka katika kielezi. Kimeiweka katika kitenzi. Kiambishi "-ja-" cha ukanushi hufanya kazi ambayo Kiingereza humwachia "meanwhile". Anayesema "maji hayakurudi" amefunga habari. Anayesema "maji hayajarudi" ameuacha mlango wazi, na ndani ya kauli yake mna kungoja. Hata "bado", neno moja tu, likijibu swali "Maji yamerudi?", halimaanishi "hapana" tupu. Humaanisha hapana ya sasa yenye ndiyo inayotazamiwa.

Kwa hiyo tangazo lingesomeka hivi: "Maji ya bomba yatarudi Jumamosi. Kabla hayajarudi, wakazi wachemshe maji ya ziwa." Mipaka yote miwili imo, na utata haumo. Wapo wanaoona haya kuandika ukanushi baada ya "kabla", wakidhani ni kosa la kimantiki. Waliosoma Kifaransa wangepaswa kuwa wa mwisho kushangaa, maana "avant que" nacho hupenda kufuatwa na "ne" isiyokanusha kitu. Kirai "hapo kati", ingawa kwa sura kinalikaribia neno la Kiingereza, hakifai hapa: hutazama nyuma, kama katika "hapo kati alihamia Kalundu".

Linabaki suala la "interim", ambalo katika Kilatini lilikuwa kielezi chenye maana hiyo hiyo ya "meanwhile", kisha likawa jina la cheo. Kiswahili humwita mshika nafasi "kaimu", neno la Kiarabu lenye mzizi wa kusimama. Tofauti hiyo si ndogo: Kilatini kilihesabu muda, Kiarabu kilitazama mahali pa kusimama. Kaimu anajulikana amesimama mahali pa nani. Atasimama hadi lini, neno halisemi. "Mpito" nalo, kutokana na "kupita", huahidi jambo lisilokaa. Nchini Kongo mpito uliotangazwa tarehe 24 Aprili 1990 uliendelea hadi Mei 1997, na mwingine ukaanza mwaka 2003 hadi 2006. Katika matini za kisheria za vipindi vya namna hiyo, "mpito" bila "hadi" na tarehe ni tafsiri ya nusu, sawa na "wakati huo huo" ya tangazo la maji.