Usawa wa Namba katika Kompyuta: Python Ilivyopima Ukaribu Unaotosha

Namba ya nukta inayoelea ni namba ya desimali ambayo kompyuta huihifadhi kwa kutenganisha tarakimu zake na kipeo kinachoonyesha mahali pa nukta. Kwa mujibu wa kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, namba ya biti 64 hutengewa biti 1 ya alama ya chanya au hasi, biti 11 za kipeo na biti 52 za tarakimu. Na kwa kuwa mfumo wa binari, unaotumia 0 na 1 pekee, hauwezi kuiandika 0.1 kikamilifu, jumla ya 0.1 na 0.2 hutoka 0.30000000000000004, na programu ikiuliza kama jumla hiyo ni sawa na 0.3 hujibiwa kuwa si sawa.

Dawa iliyozoeleka ni kuweka kiwango cha uvumilivu, yaani tofauti ndogo inayoruhusiwa, kwa mfano 0.000000001. Hata hivyo, kiwango kisichobadilika hupotosha, kwa sababu pengo kati ya namba jirani hukua kadiri namba zenyewe zinavyokua: karibu na 1 pengo hilo ni takriban 0.00000000000000022, ilhali kwenye 10,000,000,000,000,000 limefikia 2, hivyo uvumilivu huo hausaidii chochote huko juu, na kwa namba ndogo mno huzihesabu zote kuwa sawa.

Kwa sababu hiyo, kitendakazi math.isclose, kilichoingizwa katika toleo la 3.5 la lugha ya programu ya Python mwaka 2015, hutumia uvumilivu wa uwiano: tofauti isizidi sehemu moja ya bilioni ya namba iliyo kubwa kati ya hizo mbili, bila kujali alama zake. Kuchagua iliyo kubwa hulinda ulinganifu, kwani jibu halibadiliki namba zikibadilishana nafasi, jambo ambalo maktaba ya NumPy, inayopima kwa namba ya pili, hailihakikishi.

Uwiano nao hushindwa penye sifuri, kwa kuwa hakuna namba isiyo sifuri inayoweza kuwa karibu nayo kwa kipimo hicho; ndiyo maana upo pia uvumilivu usiotegemea ukubwa wa namba, ambao Python imeuacha kuwa 0 hadi mtungaji wa programu auweke mwenyewe. Uamuzi huo ni wa busara: sehemu moja ya milioni ya mita haina uzito katika urefu wa barabara, lakini inakaribia upana wa bakteria mzima, na ni anayejua kinachopimwa pekee awezaye kusema ukaribu gani unatosha.