Heko Walinzi wa Miti wa Portland

Mjini Portland, jimbo la Oregon, Marekani, kuna tume ya raia wanaojitolea, kazi yao kuisemea miti ya mji. Tangu mwaka 1993 mji huo una orodha ya Miti ya Urithi. Mti ukishaingia humo hubandikiwa kibao kidogo, na ukiwa mzima haukatwi mpaka tume iridhie. Hata ukiwa uani kwa mtu! Mwenyewe hukubali kwanza, kisha ulinzi hubaki na kiwanja hata kikiuzwa. Hapo ndipo ninapowapa heko kwa moyo wote: mnunuzi mpya anafika na kukuta mti una wenyewe. Nasi tunaoshuhudia miembe ikiangushwa kupisha barabara, tuzidai tume kama hizo kwa madiwani wetu.