Megawati 488 kwa mpigo

Ijumaa ya 6 Septemba 2024, saa tatu asubuhi kasoro dakika nne, laini ya kilovolti 220 kutoka Loiyangalani ilikatika katika kituo cha Suswa, Kenya, ikiwa na megawati 288 za umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Ikafuatwa na laini ya mkondo mnyoofu ya kilovolti 500 kutoka Ethiopia, iliyokuwa na 200. Zikapotea 488, zaidi ya robo ya mzigo wa nchi, na karibu Kenya nzima ikawa giza.

Sisi wa Kampala tumeungwa na gridi hiyo kupitia Tororo upande wetu na Lessos upande wa Kenya, kwa hiyo hesabu yake inatuhusu.

Laini hiyo ya Ethiopia, kutoka Wolayta-Sodo hadi Suswa, kilomita elfu moja na ushee, inaweza kubeba megawati 2,000. Ilipoanza kuuza umeme Novemba 2022 ilibebeshwa 200, nao ulikuwa uamuzi wa busara. Thairista za Suswa hazijizimi zenyewe; hungoja volteji ya gridi inayopokea izizime, mkondo uhamie nyingine. Volteji ikianguka ghafla, zamu hiyo huvurugika na umeme husita kuingia. Ndiyo sababu wahandisi hupima kwanza nguvu ya shoti ya gridi pale kituoni, kwa megavoltiampea, kisha huigawanya kwa megawati za laini. Jibu likipita 3, gridi ni imara. Likiwa chini ya 2, ni dhaifu mno. Megawati 2,000 zinadai megavoltiampea 6,000. Megawati 200 zinaridhika na 600.

Kipimo cha pili ni masafa. Tuseme jenereta zote zinazozunguka zina akiba ya megajouli 8,000. Ukipoteza megawati 200, masafa huanza kushuka kwa hezi 0.6 hivi kwa sekunde: maji ya mabwawa yatafunguliwa, relei zitapunguza wateja, gridi itapona. Ukipoteza 488, ni hezi 1.5 kwa sekunde. Hapo hata gavana hodari wa bwawa, kifaa kinachofungua maji hayo, hawahi.

Desturi ni kuuliza: kifaa kimoja kikubwa kikitoka, tutasimama? Kwangu mimi, swali hilo halitoshi. Kila laini peke yake ilivumilika. Tatizo ni kwamba zote mbili zilishukia Suswa.

Uganda haina mkondo mnyoofu, lakini ina bwawa la Karuma: megawati 600, mashine sita za 100. Ukihesabu mashine, hofu yako ni 100. Ukihesabu njia, sehemu kubwa ya umeme huo hushuka kituo cha Kawanda kwa laini ya kilovolti 400, katika nchi ambayo kilele cha matumizi kilikuwa kama megawati 1,000 mwaka 2024. Na usiku wa manane ndio mbaya zaidi, kwa sababu mzigo umepungua na mashine nyingine zimepumzishwa. Kikomo cha megawati za kupitishwa Kawanda kiwekwe kwa hesabu ya saa hiyo, si ya saa mbili usiku watu wakipika.