Nakshi za Jiwe Jeusi

Huko Jaisalmer, mji wa jangwani nchini India, tajiri Guman Chand Patwa alianza kujenga majumba yake mwaka 1805. Yako matano, yameshikana, ya mawe ya mchanga ya rangi ya manjano. Mafundi waliyachonga roshani na vimiani vyembamba kana kwamba wanachonga mbao. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini jiwe lile ni laini, linamtii mchongaji. La kwetu Sake, mlangoni mwa Masisi, mashariki mwa Kongo, halimtii mtu.

Jiwe letu limetoka tumboni mwa volkano. Nyamulagira ilitapika kati ya 1938 na 1940, uji wa moto ukaingia Ziwa Kivu karibu na Sake. Nyiragongo nayo ilipita katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, ikameza nyumba na maduka. Ulipopoa, moto ule ukawa jiwe jeusi, gumu, lenye vitundu tele. Ukijaribu kulichonga ua, linapasukia linapotaka lenyewe.

Basi fundi mwashi akahamishia nakshi kwenye maungio. Mtazame: analigeuza jiwe viganjani akitafuta uso wake, analigonga kwa nyundo, anamega pembe moja tu. Likikataa, analiweka kando lingojee pengo jingine. La pembe tatu linakaa na la pembe tano, bila mstari wa kuyapanga. Kisha saruji ikiwa bado mbichi anaiinua kati ya mawe, mfano wa kidole gumba kwa unene, anaikata kingo mbili kwa ncha ya mwiko na kuilainisha kwa brashi yenye maji. Mstari huo unalizunguka kila jiwe na hauachwi kupanda wima kutoka chini hadi juu, maana ungeupa ukuta njia ya kupasuka, na ardhi yetu hutetemeka. Hapo urembo na uimara vimekuwa kazi moja, na mimi sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa fundi.

Hata nyumba za mbao, ambazo ndizo nyingi, hupewa msingi wa jiwe hilo ili zisioze kwa mvua. Vipande vinavyobaki hupondwa kuwa kokoto, mara nyingi na akina mama, kwa nyundo na jua la mchana. Ukishika barabara kupitia Masisi hadi Walikale, jiwe jeusi linakuacha. Msituni nyumba ni za miti na udongo, na huko nako kuna ufundi wake.

Inaniuma kuona ukuta kama huu ukipigwa lipu na kupakwa rangi ili ufanane na kuta za kila mji. Na kama huko Jaisalmer, jina linalobaki ni la mwenye nyumba. Yeyote anayejenga Sake leo amwachie fundi nafasi ya kuandika jina lake na mwaka kwenye saruji ya pembeni, kabla haijakauka.