Kaki Isiyopauka: Ilivyopatikana na Inavyotunzwa

Nguo ya mawindo hupoteza rangi kwa njia mbili, na Kiswahili kimezitenganisha vizuri: kuchuja na kupauka. Inayochuja huacha rangi yake kwenye beseni. Inayopauka huiacha juani. Wauzaji wengi hujibu swali la kwanza tu. “Hii haichuji,” watakwambia, na huenda ni kweli. Lakini kiangazi kimoja porini kinatosha kuyafanya mabega meupe. Ninalo shati la namna hiyo. Nikiinua kifuniko cha mfuko wa kifua naona mraba wa kijani cha siku ya kwanza, mpaka wake umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Maji yale yale yamepita kote. Tofauti ni jua.

Waliotatua tatizo hili kwa mara ya kwanza walisukumwa na jeshi. Neno kaki asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi, na kikosi cha Harry Lumsden kilichoundwa Peshawar mwaka 1846 ndicho kinachotajwa sana kuwa cha kwanza kulivaa vumbi hilo kama sare. Askari waliokuwa India walitia nguo rangi kwa walichokuwa nacho: chai, kahawa, hata matope. Kila mmoja akatoka na kaki yake, na kila kufua kukaibadilisha tena. Mwaka 1884 Frederick Gatty, mtia rangi wa Accrington, Uingereza, akasajili hataza ya kaki isiyotegemea majani wala magome.

Alitumia kutu. Kitambaa cha pamba kililoweshwa katika chumvi za chuma na kromi zilizoyeyushwa, kikakaushwa, kisha kikapitishwa kwenye maji ya moto yenye magadi na kostiki. Humo chumvi zile ziligeuka oksidi ndani ya nyuzi zenyewe, na oksidi hizo haziyeyuki kwa maji. Chuma kilileta hudhurungi, kromi ikaleta ukijani, na mtia rangi akapata rangi aliyoitaka kwa kubadilisha vipimo. Jua hupausha rangi ya kawaida kwa kuivunja kwa msaada wa oksijeni. Kutu ni chuma kilichokwisha kuliwa na oksijeni, kwa hiyo hakijabaki cha kuliwa. Gharama yake ilikuwa ugumu: kitambaa kilikakamaa na kuchosha sindano za cherehani, ndiyo maana njia hiyo ilidumu zaidi kwenye mahema na maturubai. Adui yake ni tindikali kali, kwa kuwa tindikali huyeyusha kutu.

Huku kwetu kuna jaribio jingine ninalolienzi sana. Katika Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilipoizingira pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani na vitambaa kuadimika, watu walisokota na kufuma pamba ya hapa hapa. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, ameandika kwamba rangi iliyofaa ilitoka kwenye mti aliouita ndaa: hudhurungi yenye umanjano, isiyoonekana kirahisi nyasini wala vichakani. Yaelekea ni mdaa, ambao wasuka mikeka wa pwani wanaujua pamoja na mizizi yake tangu zamani.

Kabla ya vita hivyo, mwaka 1901, René Bohn wa kampuni ya BASF alipata rangi ya jamii ambayo leo ndiyo ninayoitafuta kwenye marudufu ya pamba. Huyeyuka ikinyang'anywa oksijeni, huingia ndani ya uzi, kisha hewa huirudisha katika hali isiyoyeyuka. Kanuni ni ile ile ya Gatty: iingie imeyeyuka, ibaki haiyeyuki. Kaki na kijani za bei rahisi mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi zisizolingana nguvu. Njano ikitangulia kuondoka, kijani huelekea buluu, na mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu ndizo rangi zinazomvuta.

Lebo ikionyesha kipimo cha kustahimili mwanga, ngazi ni 1 hadi 8. Chini ya 5 usinunue kwa kazi ya porini. Lebo ikikosekana, sugua pindo la ndani kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Hilo litakuonyesha kuchuja. Kwa kupauka omba kipande kidogo cha kitambaa hicho, funika nusu yake kwa kadibodi, kiache juu ya bati wiki mbili. Mabakabaka ya kijeshi yaache kabisa: nchini Tanzania sheria hairuhusu raia kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi.

Kufua kunahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Sabuni nyingi za unga zina king'arisha, kemikali inayopokea miali ya jua tusiyoiona na kuitoa kama mwanga wa buluu. Shati jeupe linapendeza kwa hilo. Swala, ambaye jicho lake ni hafifu kwa nyekundu lakini linaona buluu vizuri, huliona shati la kaki likimeremeta. Tumia sabuni isiyo na king'arisha, maji baridi, nguo imegeuzwa ndani nje, na dawa ya madoa yenye klorini isiiguse.

Anika kivulini. Hapo kuna hatari ambayo vitabu vya nchi za baridi havina haja ya kuitaja: yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na buu wake huingia chini ya ngozi ya mvaaji. Kwa hiyo nguo iliyokauka kivulini lazima ipigwe pasi ya moto pande zote, hasa upande wa ndani, na pasi ikae zaidi kwenye mishono, kiunoni na kolani.