Thamani ya Baba katika Michezo Miwili ya Marekani

Michezo mikubwa ya jukwaa la Marekani katika karne ya ishirini hukaa nyumbani. Wafalme hawamo, wala majemadari. Mna meza ya chakula, kitanda na hati za madeni. Eugene O'Neill, katika mchezo uliochezwa mara ya kwanza mwaka wa 1956 baada ya kufa kwake, aliwafungia baba, mama na wana wawili katika nyumba moja kwa siku moja, na siku hiyo ikatosha. Lakini iko michezo miwili ifaayo kusomwa pamoja kuliko mingine: Death of a Salesman wa Arthur Miller, uliochezwa New York tarehe 10 Februari 1949, na A Raisin in the Sun wa Lorraine Hansberry, uliochezwa huko huko tarehe 11 Machi 1959. Desturi ya wafundishaji ni kuuweka wa kwanza katika fungu la ndoto ya Kimarekani, na wa pili katika fungu la ubaguzi wa rangi. Mgawanyo huo una ukweli wake, lakini umeficha jambo lililo wazi, nalo ni kwamba michezo yote miwili yasimama juu ya fedha za bima ya maisha ya baba.

Willy Loman wa Miller ana umri wa miaka 63, na kwa miaka 36 amezunguka na masanduku mawili ya sampuli kwa ajili ya kampuni moja. Mshahara amekwisha kuondolewa. Hula kamisheni tu. Amwendea Howard, mtoto wa tajiri wake wa zamani, kuomba kazi ya mjini asisafiri tena, naye Howard, ambaye moyo wake uko katika mashine mpya ya kunasa sauti, amwachisha kazi. Jirani yake Charley humkopesha dola 50 kila juma, na Willy humwambia mkewe Linda kuwa ni mapato yake. Lakini kazi anayopewa na Charley huyo huyo, aikataa. Usiku ule aondoka na motokaa akajiua, ili mwanawe Biff apate dola 20,000 za bima.

Anayetaka kulifasiri jina la mchezo huu kwa Kiswahili atakwama. Neno lijalo upesi ni mchuuzi, na halifai. Mchuuzi, hata akiwa maskini wa kutupwa, bidhaa iliyo kichwani pake ni yake, au ameikopa kwa jina lake. Hasara ni yake na faida ni yake. Mfanya biashara ni neno linalompandisha mno. Julius Nyerere, alipofasiri mchezo wa Shakespeare mwaka wa 1969, aliuita Mabepari wa Venisi, na uchaguzi ule ulikuwa wa mtu aliyejua alitakalo. Lakini Willy ni kinyume kabisa cha bepari. Hana mtaji, hana duka, wala hana bidhaa. Miller hakusema popote mchezoni ni kitu gani kilichomo katika masanduku yale mawili. Kiuzwacho ni Willy mwenyewe: tabasamu lake, masihara yake, na kule kujulikana kwake na watu wa miji ya mbali. Basi anapoifikiria bima hafikiri jambo geni. Hayo ni mauzo ya mwisho ya bidhaa ile ile.

Wanaomwona kuwa ni mlafi wa fedha hawakusikiliza anavyosema. Biff ni mvivu; punde si punde, Biff ana sifa zote ila uvivu. Motokaa yake ya Chevrolet haina mfano duniani, na kabla mazungumzo hayajakwisha amekwisha kuilaani. Msikilizaji mwenye sikio la lugha atatambua kuwa hayo si maneno ya mwongo, kwa maana mwongo hukumbuka alichosema jana. Ni maneno ya mauzo, ambayo kazi yake ni kumridhisha msikilizaji wa dakika ile. Na Willy awapo nyumbani, msikilizaji ni yeye mwenyewe.

Katika makala iliyotoka katika New York Times mwezi ule ule wa Februari 1949, Miller alidai kwamba mtu wa kawaida astahili tanzia sawasawa na mfalme. Wengi walimpinga, wakasema kuwa shujaa wa tanzia sharti ajitambue kabla ya kuanguka, na Willy afa bila kujijua. Ajijuaye ni Biff. Hoja hiyo ina nguvu, na makala ya Miller haikuishinda. Mchezo wenyewe wajibu vizuri zaidi. Kaburini, katika sura ya mwisho, Linda aeleza kuwa siku ile amelipa fungu la mwisho la deni la nyumba, nayo nyumba imebaki bila mtu. Hakuna hata mmoja atajaye zile dola 20,000. Ben, nduguye Willy ambaye huja katika mawazo yake tu, alikwisha kuonya kuwa huenda kampuni ya bima isilipe. Watazamaji watoka wasijue kama fedha zililipwa au hazikulipwa. Mtu ameuza cha mwisho alicho nacho, na stakabadhi haikuonekana.

Hansberry aanza pale Miller alipoachia. Mzee Younger amekufa kabla pazia halijafunguka, naye hakujiua. Kazi ndiyo iliyommaliza. Jamaa watano, waliobanana katika fleti ya South Side ya Chicago hata mtoto Travis hulala juu ya kochi, wangojea hundi ya dola 10,000. Mjane wake, Lena, atoa 3,500 kuanza kununua nyumba katika mtaa wa Wazungu. Zile 6,500 ampa mwanawe Walter Lee, aliye dereva wa tajiri, kwa sharti kwamba 3,000 ziwekwe kwa masomo ya dada yake Beneatha. Walter azitoa zote kwa ajili ya duka la pombe, na mwenzake atoroka nazo. Kilio chake chaonyesha kuwa machoni pake kilichoibwa si noti, ni mwili wa marehemu.

Ndipo Walter aazimu kupokea fedha za Bwana Lindner, mjumbe wa wenye mtaa, aliyekuja kwa adabu nyingi kuwalipa wasihamie. Lena hamzuii. Asema tu kwamba Travis asiondoke, asimame aone. Walter ashindwa kujiuza mbele ya macho ya mwanawe. Katika mchezo wa Miller macho ya mwana yalifanya kazi nyingine: Biff alimkuta babaye hotelini Boston na mwanamke, na tangu siku ile wote wawili hawakupona. Hapa ndipo Hansberry ampitapo Miller, ingawa kwa ustadi wa kuchanganya wakati uliopita na uliopo jukwaani Miller hana mwenzake.

Msomaji wa Afrika ataona tofauti nyingine. Kwa Willy, Afrika ni mahali alipopata utajiri Ben, aliyeingia mwituni akiwa na miaka 17 na kutoka akiwa na 21. Haina mtu, haina lugha. Ina almasi tu. Yaweza kusemwa kwamba hiyo ni Afrika ya kichwa cha Willy, na ni kweli. Asagai wa Hansberry, mwanafunzi Myoruba kutoka Nijeria, ana lugha, ana ucheshi, na ana hoja juu ya uhuru mwaka mmoja kabla nchi yake haijaupata. Mara nyingine ahubiri mno. Lakini ndiye pekee amwulizaye Beneatha swali ambalo Lomans hawakuulizwa na mtu: kama nyumba iko sawa, ikiwa matumaini yote ya waliomo yalingoja mtu afe.

Walioandika kuwa mchezo huu waisha kwa furaha wamesahau historia. Baba wa Hansberry alinunua nyumba katika mtaa wa Wazungu wa Chicago, jamaa wakashambuliwa, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, iliyoamua upande wake mwaka wa 1940. Mwandishi alijua ni wapi anakowapeleka akina Younger.

Willy, usiku wa kufa kwake, apanda mbegu kwa mwanga wa kurunzi katika ua uliozibwa jua na majumba marefu. Lena, mizigo ikiwa imekwisha kuteremshwa, arudi peke yake ndani kuchukua mche wake mdogo wa dirishani, ulio dhaifu lakini haujafa, kisha atoka nao.